Dashibodi ya Kompyuta Katika Gari: Je, Tarakimu Husema Kweli?

Hapo Kiboriloni, mashariki ya mji wa Moshi, barabara kuu iendayo Himo huachana na barabara ipandayo mlimani kwenda Tsuduni na Kidia, Old Moshi. Wakati wa soko magari husimama hapo kupakia abiria na mizigo ya mitumba, kisha huanza kupanda. Gari lililojaa, likipanda kwa gia ya chini wakati wa jua kali, hufanya kazi kubwa kwa mwendo mdogo. Injini huzaa joto jingi, na upepo upitao kwenye rejeta ni haba. Dereva hawezi kuiona injini yake. Hutegemea shahidi mmoja aliye mbele ya usukani, yaani ubao wa vipimo, ambao watu wengi huuita dashibodi.

Katika magari mengi yaliyotumika kwa muda mrefu shahidi huyo huwa mgonjwa. Mshale wa joto haupandi, wa mafuta hutetemeka, na ule wa mwendo umekufa kabisa. Vipuri vya asili huwa ghali au havipatikani. Lakini siku hizi kompyuta ndogo ya kipande kimoja, isiyozidi ukubwa wa ukucha, yaweza kufanya kazi ya mishale yote hiyo kwa pamoja, na fundi au mwanafunzi mwenye bidii aweza kuiunda dashibodi yake mwenyewe. Makala haya yaeleza jinsi chombo hicho kifanyavyo kazi. Yaeleza pia jambo ambalo wengi hulisahau: tarakimu ing'aayo huonekana kuwa ya kweli kuliko mshale, hata pale inapokuwa ya uongo.

KUTOKA MSHALE HADI TARAKIMU

Kwa miaka mingi kila kipimo cha gari kilikuwa na njia yake. Mwendo ulipimwa kwa kebo iliyozunguka kutoka kwenye giaboksi hadi nyuma ya mshale. Joto na mafuta vilipimwa kwa mkondo mdogo wa umeme uliousukuma mshale moja kwa moja. Hapakuwa na hesabu yoyote iliyofanywa kati ya kitu kilichopimwa na jicho la dereva.

Mwaka 1971 kampuni ya Intel ya Marekani ilitoa chipu iitwayo 4004, iliyoweka sehemu nzima ya kukokotoa ya kompyuta katika kipande kimoja cha silikoni. Haikuchukua muda watengenezaji wa magari wakaona faida yake. Mwaka 1976 kampuni ya Aston Martin ya Uingereza ilionyesha gari lake la Lagonda, lililokuwa na tarakimu za taa mahali pa mishale. Magari ya kwanza ya aina hiyo yaliwafikia wanunuzi mwaka 1979, na vyombo vyake vya elektroniki vikajulikana kwa usumbufu mwingi. Mwaka 1978 gari la Cadillac Seville lilipatikana likiwa na kompyuta ya safari. Mwaka 1981 Toyota Soarer iliuzwa Japani ikiwa na dashibodi ya tarakimu.

Afrika ya Mashariki nayo imejaribu kuunda magari yake. Mwaka 1990 Kenya ilionyesha gari la Nyayo Pioneer, na mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kiliendesha gari la umeme la Kiira EV. Kuunda gari zima ni kazi ya taasisi kubwa, lakini kuunda ubao wa vipimo ni kazi iwezayo kufanyika juu ya meza ya maabara ya shule. Tangu bodi za Arduino zilipoanza huko Ivrea, Italia, mwaka 2005, chipu za namna hii zimekuwa rahisi kutumia, na programu zake huandikwa kwa kompyuta yoyote ya kawaida.

SEHEMU NNE ZA CHOMBO

Dashibodi ya kompyuta ina sehemu nne. Ya kwanza ni vihisio, ambavyo mafundi huviita sensa. Hivi hugusa maji, mafuta au gia na kugeuza hali yake kuwa umeme. Ya pili ni kigeuzi, ambacho husoma volti na kuifanya namba. Ya tatu ni programu, ambayo hufanya hesabu juu ya namba hiyo. Ya nne ni kioo, kinachomwonyesha dereva matokeo.

Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro wanaifahamu kazi ya namna hii. Mkulima apelekapo kahawa katika chama cha msingi, mizani hupima, karani husoma, mhasibu hukokotoa, na matokeo huandikwa katika stakabadhi. Mizani ikiwa na kasoro, hati nzuri ya karani haimsaidii mkulima. Humdhulumu kwa mwandiko safi. Kihisio ndicho mizani ya dashibodi, na kioo ndicho stakabadhi yake.

KUPIMA JOTO LA INJINI

Kihisio cha joto la maji ya injini ni kipande cha nusukipitishi ambacho ukinzani wake hupungua kadiri joto linavyopanda. Katika magari mengi ya Toyota ukinzani huo ni karibu omu 2,500 maji yakiwa na nyuzi 20 za Sentigredi, na karibu omu 300 tu yakifikia nyuzi 80.

Chipu haiwezi kusoma omu, husoma volti. Kwa hiyo kihisio huunganishwa mfululizo na rezista isiyobadilika, tuseme ya omu 1,000, na umeme wa volti 5 hupitishwa katika vyote viwili. Volti hugawanyika kwa uwiano wa ukinzani. Kwa nyuzi 20, kihisio hupata volti 5 × 2,500 ÷ 3,500, yaani karibu 3.57. Kwa nyuzi 80 hupata 5 × 300 ÷ 1,300, yaani karibu 1.15. Kigeuzi chenye ngazi 1,024, kutoka 0 hadi 1,023, kitasoma 731 katika hali ya kwanza na 236 katika hali ya pili.

Hapo ndipo wanafunzi wengi hukosea kwa mara ya kwanza. Huchukua nukta hizo mbili, huzichorea mstari ulionyooka, na kudhani kazi imekwisha. Kwa mstari huo, nyuzi 50 zingelingana na omu 1,400. Lakini ukinzani wa kihisio haushuki kwa mstari. Hushuka kwa kasi mwanzoni na polepole baadaye, na kwa nyuzi 50 huwa karibu omu 800 tu. Programu yenye mstari ulionyooka ingeonyesha karibu nyuzi 66 wakati maji yana nyuzi 50. Dawa yake ni kupima nukta nyingi, kama vile kila baada ya nyuzi 10, na kuziweka katika programu kama jedwali.

Kosa la pili ni la kimlima hasa. Mwanafunzi huchemsha maji, hutumbukiza kihisio ndani yake, na kuandika katika jedwali: nyuzi 100. Kitabu kimemfundisha kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100. Ni kweli, lakini kwenye usawa wa bahari. Kadiri mtu apandavyo, uzito wa hewa hupungua, na maji huchemka kwa joto dogo zaidi, karibu nyuzi 1 kwa kila meta 300. Kwenye meta 900 juu ya bahari maji huchemka kwa nyuzi 97 hivi; kwenye meta 1,500 kwa nyuzi 95; na kwenye meta 1,800 kwa nyuzi 94. Aliyeandika 100 mahali pa 97 ameingiza uongo wa nyuzi 3 katika dashibodi yake kabla gari halijawashwa.

Jambo hili lina uzito kwa dereva pia. Maji ya injini hayachemki kwa nyuzi 95 gari linapopanda mlimani kwa sababu kifuniko cha rejeta huyabana. Kifuniko kizima cha kiasi cha baa 0.9 hupandisha kiwango cha kuchemka hadi nyuzi 115 hivi kwenye meta 1,500. Kifuniko kilichochoka, au kitambaa kilichochomekwa mahali pake, hakibani kitu. Basi tarakimu 98 katika gari lenye kifuniko kizima ni dalili ya kazi nzito tu. Katika gari lenye kifuniko kibovu ni habari kwamba maji yameanza kuchemka na kuruka nje. Kioo ni kilekile, tarakimu ni ileile, lakini maana ni mbili. Dashibodi haijui kifuniko kina hali gani. Hilo fundi hulikagua kwa mikono yake, injini ikiwa baridi.

KUPIMA MWENDO

Katika magari mengi ya Japani kihisio cha mwendo hutoa mapigo 4 ya umeme kwa kila mzunguko wa mhimili wa kipimo, na mhimili huo huzunguka mara 637 kwa kila kilometa. Kilometa moja ni mapigo 2,548. Gari liendalo kilometa 60 kwa saa hukamilisha kilometa moja kwa dakika, kwa hiyo chipu huhesabu mapigo 42 na nusu kwa sekunde. Mizunguko ya injini hupatikana kwa njia hiyohiyo. Injini ya silinda nne yenye mipigo minne huwasha plagi mara mbili kwa kila mzunguko. Mapigo 100 kwa sekunde ni mizunguko 3,000 kwa dakika.

Hesabu hii ni safi, lakini inaegemea jambo moja, nalo ni ukubwa wa tairi. Tairi iliyoandikwa 195/70 R14 ina kipenyo cha milimeta 629 hivi. Mwenye gari akitaka gari liinuke ili lisikwaruze mawe, huweza kufunga tairi za 205/70 R15, zenye kipenyo cha milimeta 668 hivi. Kila mzunguko sasa humpeleka mbali zaidi kwa asilimia 6. Kipimo kikionyesha kilometa 80 kwa saa, gari linakwenda 85. Tarakimu haijabadilika hata kidogo, bali gari ndilo lililobadilika chini yake. Kwa sababu hiyo dashibodi mpya sharti isahihishwe barabarani: gari liendeshwe kwa umbali unaojulikana, mapigo yahesabiwe, na namba ya mapigo kwa kilometa iandikwe upya katika programu. Kila tairi za ukubwa mwingine zifungwapo, kazi hiyo hurudiwa.

Jambo moja lisichezewe kamwe, nalo ni jumla ya kilometa ambazo gari limekwenda tangu liundwe. Magari mengi hununuliwa yakiwa yametumika, na jumla hiyo ndiyo historia yake. Aundaye dashibodi yake na aache kihesabio cha asili mahali pake, au aandike kwa uaminifu siku ya kubadilisha na namba iliyokuwapo.

LUGHA YA KOMPYUTA YA GARI

Magari ya karibuni yana kompyuta zao wenyewe za kuongoza injini, nazo huzungumza. Mwaka 1986 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilitangaza njia iitwayo CAN, ambayo kwayo kompyuta nyingi za gari hupashana habari kwa jozi moja ya waya. Marekani ililazimisha magari madogo mapya yawe na soketi ya uchunguzi iitwayo OBD-II kuanzia mwaka 1996, na Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Magari ya Japani ya miaka ya 1990 si yote yaielewayo lugha hiyo, kwa hiyo fundi huanza kwa kuuliza kama gari linajibu.

Likijibu, hesabu zake ni za darasani. Swali la namba 5 huuliza joto la maji, na jibu ni namba moja kati ya 0 na 255. Kutoka kwenye namba hiyo hutolewa 40. Jibu la 130 ni nyuzi 90. Hizo 40 hutolewa ili namba isiyoweza kuwa hasi ieleze hata baridi ya chini ya sifuri katika nchi za theluji. Swali la namba 12 huuliza mizunguko ya injini, na majibu ni namba mbili: ya kwanza huzidishwa kwa 256, hujumlishwa na ya pili, kisha jumla hugawanywa kwa 4. Majibu 46 na 224 hutoa 12,000 ÷ 4, yaani mizunguko 3,000 kwa dakika.

Dashibodi ya mwanafunzi na iulize maswali tu, isitoe amri. Waya za breki na za mifuko ya hewa ya usalama zisiguswe. Umeme wa chombo upitie fyuzi na kidhibiti cha volti, kwa kuwa betri ya volti 12 hufikia karibu 14 injini ikiunguruma, hushuka sana wakati wa kupiga starta, na waya za gari huweza kuruka ghafla hadi makumi ya volti. Chipu ya volti 5 isiyolindwa haitaona siku ya pili.

KUMWONYESHA DEREVA

Gari liendalo kilometa 50 kwa saa hupita karibu meta 14 kila sekunde. Dereva akitazama kioo kwa sekunde mbili, amekwenda meta 28 bila kuona barabara, na penye soko umbali huo ni watu wengi. Kwa hiyo kioo chenye mambo mengi si kizuri kuliko chenye machache. Mwendo uwe tarakimu kubwa. Mizunguko ya injini iwe mstari unaorefuka, maana jicho hutambua urefu upesi kuliko lisomavyo namba. Joto likiwa salama linyamaze. Likizidi, taa na sauti viite. Tarakimu zisibadilike zaidi ya mara mbili kwa sekunde, la sivyo hazisomeki.

Mafuta yana tabu yake. Kihisio chake ni boya ndani ya tangi, na barabara ya mashimo huyarusha mafuta huku na huku. Programu hutuliza tarakimu kwa kuchukua wastani wa vipimo vya nusu dakika au zaidi. Lakini wastani hautibu mlima. Gari likipanda, mafuta yote huegemea nyuma ya tangi na boya hubaki limeinuka au limeshuka kwa safari nzima. Tena kilicho dawa kwa mafuta ni sumu kwa joto. Wastani mrefu wa joto humficha dereva hatari kwa dakika anazozihitaji sana.

TARAKIMU INAPODANGANYA

Yabaki mambo matatu ambayo kila aundaye dashibodi hana budi kuyajaribu.

La kwanza ni waya kukatika. Katika mpango ulioelezwa hapo juu, waya wa kihisio cha joto ukikatika, chipu husoma karibu 1,023. Programu isiyo na tahadhari itatafsiri kwamba maji ni baridi sana, na kioo kitang'aa kwa utulivu huku injini ikiungua. Namba hiyo haiwezi kuwa ya kweli Kilimanjaro, hata kileleni. Programu na iikatae, na badala ya tarakimu iandike: HAKUNA KIPIMO.

La pili ni maji kuisha. Kihisio kilichozoea kuzamishwa ndani ya maji, kikibaki katika hewa au mvuke, huweza kuonyesha joto dogo kuliko lililopo. Bomba likipasuka, tarakimu yaweza kupanda kidogo kisha ikashuka, na dereva akafurahi wakati silinda hedi inapinda. Programu nzuri hutilia shaka joto lishukalo ghafla wakati injini inafanya kazi nzito. Bora zaidi ni kuongeza kihisio cha pili kinachoeleza kama maji yapo.

La tatu ni kile kisichopimwa kabisa. Gari la kilo 1,500 likishuka meta 100 za wima, nguvu za uzito wake hutoa nishati ya karibu jouli milioni 1.5, inayotosha kuchemsha zaidi ya lita 4 za maji kutoka nyuzi 20. Dereva asiyetumia gia ya chini huitupa karibu nishati hiyo yote katika breki, na kutoka mlimani hadi Kiboriloni kuna mamia ya meta za namna hiyo. Dashibodi za kawaida hazipimi joto la breki. Gari laweza kushuka likiwa na tarakimu zote za kijani, huku breki zikipoteza nguvu kwa joto. Ukimya wa kioo kuhusu jambo fulani si ushahidi kwamba jambo hilo ni salama.

KAZI KWA SHULE

Somo hili halihitaji gari ili lianze. Shule yahitaji kihisio kimoja cha joto kutoka duka la vipuri, rezista, kipimajoto cha maabara, sufuria na jiko. Wanafunzi wapime omu kila baada ya nyuzi 10, wachore mchoro, na wapime wenyewe maji ya shule yao yanachemka kwa nyuzi ngapi. Shule iliyo Moshi mjini na shule iliyo juu Old Moshi zikilinganisha majibu, zitaona mlima wao ndani ya namba. Baadaye waingize chipu, jedwali na kioo. Mwisho, mwalimu akate waya kwa siri na kuwauliza wanafunzi kioo kinasema nini.

Kioo kikionyesha nyuzi za kupendeza, kazi haijakwisha, hata kama tarakimu zake ni nzuri namna gani. Kikiandika HAKUNA KIPIMO, wanafunzi hao wameunda chombo ambacho dereva apandaye Kidia na abiria wake aweza kukiamini.